Besi ya aina ya Jazz Bass: namna ya kuiweka sawa, kuibadilisha na kuipiga kwa sisi tulioko Dodoma

Habari zenu wapiga besi. Swali la namna ya kuliweka sawa gitaa la besi naulizwa karibu kila wiki na vijana wa kwaya na wa bendi hapa mjini, wengine wananisubiri baada ya ibada wananionesha besi zao wanasema kaka hii imekufa, nataka niiuze nitafute nyingine, afu ukiishika unakuta haina ugonjwa wowote, haijawahi tu kuwekwa sawa tangu itoke kiwandani. Kwahiyo leo naandika yote kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na naomba usiuruke, maana watu wengi wanaanza na pikapu (zile sumaku zinazodaka sauti ya nyuzi) za bei mbaya kabla hata hawajabadilisha nyuzi. Pesa yako ya kwanza iende kwenye nyuzi mpya, bisibisi na rula, hayo mengine baadaye kabisa.

Kwanza ujue umeshika nini

Naongelea Jazz Bass na kopi zake, maana ndo besi ninayoipenda kuliko zote na ndo umbo utakaloliona sana ukizunguka maduka ya vyombo Kariakoo. Mtengenezaji wa Kimarekani anayeitwa Leo Fender alianza na besi ya Precision Bass mwaka 1951, ikabadilishwa pikapu mwaka 1957 ikawa ile ya vipande viwili vilivyopishana, afu mwaka 1960 ndo ikaja Jazz Bass. Utaitambua hivi: kiuno cha mwili hakilingani, upande mmoja umesogea, ina pikapu mbili ndefu nyembamba zilizonyooka, na vitufe vitatu, voliumu mbili na toni moja. Shingo yake kule karibu na kichwa ina upana wa kama milimita 38, wakati Precision za zamani zilikuwa na kama 44, ndo maana mtu mwenye mkono mdogo anaipenda haraka. Urefu wa uzi kutoka mfupa wa kichwani (kile kipande chenye mifereji kinachobeba nyuzi karibu na kichwa) mpaka darajani (kile chuma cha mwilini zinakofungwa nyuzi) ni inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo.

Utamu wake uko kwenye zile voliumu mbili. Pikapu ya shingoni ina sauti nene ya mviringo, ya darajani ina sauti kavu inayoongea, inayosikika hata kinanda na gitaa la solo vikiwa vimejaa. Ukizichanganya unapata ya tatu. Mpiga besi wa Marekani Jaco Pastorius alijulikana kwa ile sauti ya pikapu ya darajani kwenye Jazz Bass ya 1962 iliyotolewa freti (vile vichuma vinavyokatiza shingo), mwenzake Marcus Miller yeye kwa Jazz Bass ya 1977 iliyofungwa priampu (kikuza sauti kidogo) ndani. Besi umbo lilelile, watu wawili, na hata asiyejua muziki anawatofautisha.

Vifaa: bisibisi ya nyota na ya bapa, vile vifunguo vya umbo la L vya pembe sita kama vya baiskeli (mara nyingi utahitaji cha milimita 1.5 kwa daraja na cha 4 au 5 kwa shingo, ila pima kwanza), rula yenye milimita, tupa ndogo laini, programu ya kutyuni kwenye simu, na kipande cha kanga kuukuu cha kufutia. Baadaye kwenye umeme utahitaji pasi ya kulehemu na mita, ila hivyo fundi redio anavyo.

Hatua ya kwanza: nyuzi

Nunua seti ya kawaida, 45-65-85-105 (huo ni unene wa kila uzi kwa elfu za inchi). Fungua uzi mmoja mmoja usivue yote kwa mpigo, shingo haipendi kuachiwa ghafla. Kabla hujakata uzi mpya uvute moja kwa moja mpaka kwenye kifunguo chake cha kutyuni kule kichwani, uongeze urefu wa vifunguo viwili mbele, hapo ukunje kwanza pembe kali ndo ukate mbele ya mkunjo. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje unaweza kulegea kwenye kiini na uzi unakufa sauti siku hiyohiyo, nimeona watu wakilaumu nyuzi kumbe mkasi. Ingiza ncha kwenye tundu la kifunguo, zungusha ukishuka chini, mizunguko mitatu inatosha.

Kama pesa hakuna kabisa, chemsha za zamani. Sufuria ya maji yanayochemka, dakika kumi, toa, kausha na kitambaa kila pembe, zianike mpaka ziwe kavu kabisa. Jasho na vumbi vinatoka na uzi unarudi kulia kwa wiki mbili tatu. Vumbi la hapa kwetu mnalijua, upepo wa mwezi wa saba na wa nane unaingiza mchanga mpaka ndani ya begi lililofungwa zipu, kwahiyo ukimaliza kupiga futa nyuzi juu na chini, usiishie juu tu.

Kuna nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, zile bapa, hizo kama unapiga rumba na dansi la zamani nazipendekeza kwa moyo wote. Zinakaa miaka. Hazina kelele za vidole na zina ule mdundo mfupi wa kizamani. Ila ni ghali na zinavuta shingo kuliko za kawaida, kwahiyo ukizifunga lazima urudi hatua inayofuata.

Shingo, na hapa ndo Dodoma inapowatesa watu

Besi yangu niliinunua Dar mwezi wa sita. Dukani ilikuwa inacheza vizuri, vidole vinakwenda vyenyewe, nikapanda nayo basi mpaka huku. Kufika mwezi wa nane nyuzi zimepanda juu, na nikipitisha mkono pembeni ya shingo freti zinanikwaruza kama meno ya msumeno. Nikamlaumu sana yule muuzaji moyoni, nikajua nimeuziwa mbovu. Kumbe ni hewa tu. Dar ni pwani, unyevu muda wote, mti unakunywa maji ya hewani. Huku ni nusu jangwa, mvua zetu ni kama Desemba mpaka Aprili, ikishapita hapo ni ukavu na upepo mpaka mwisho wa mwaka. Mti unapoteza maji unasinyaa, chuma cha freti hakisinyai, ndo maana ncha zinatokeza pembeni. Na shingo nayo inajikunja au inajinyoosha kadiri mti unavyopenda, kila besi na tabia yake. Yangu ikifika Agosti inajikunja mbele, ya rafiki yangu wa Nkuhungu inafanya kinyume chake, na zote mbili ni za mbao zinazofanana kwa macho. Usikariri, pima.

Kupima: tyuni kwanza kawaida. Bonyeza uzi wa E (ule mnene kuliko wote) kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na mkono mwingine bonyeza pale shingo inapoungana na mwili, kwenye freti ya 17 hivi. Hapo uzi umekuwa rula. Angalia freti ya 7 au 8, kati ya uzi na freti lazima kuwe na uwazi mdogo kama milimita 0.3. Mi natumia kadi ya mwaliko wa harusi, kila nyumba zipo. Ikipita ikigusa kidogo uko vizuri. Kama kadi inaingia na nafasi inabaki kubwa, shingo imekunjika mbele. Kama hakuna uwazi kabisa, uzi umelala juu ya freti, shingo imeenda nyuma na utasikia freti za mwanzo zinalia zzz.

Ndani ya shingo kuna nondo, wengine wanaiita trasi rodi. Kichwa chake kiko juu karibu na mfupa au chini kwenye mwili. Ukikitazama kichwa chake uso kwa uso, kuzungusha kulia kunakaza na kuinyoosha shingo, kushoto kunalegeza na kuiachia ijikunje mbele. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kukaza, afu zungusha robo ya mzunguko, ROBO, tyuni tena, pima, acha usiku mmoja. Kesho yake pima tena. Mti unaendelea kusogea wakati umelala. Ukihisi ufunguo unagoma au unateleza acha hapohapo, ufunguo usio saizi yake unakula pembe za nondo na ukishazila hiyo shingo imekuwa kazi ya fundi mkubwa.

Kwa freti zinazokwaruza usikimbilie tupa. Chukua kisahani cha sabuni chenye matundu au kikopo kidogo kilichotobolewa, weka sponji iliyolowa na kukamuliwa isidondoshe, weka ndani ya begi upande wa kichwa, funga, acha wiki mbili ukiongezea maji ikikauka. Nyingi zinarudi ndani zenyewe. Zikibaki ndo unatumia tupa, ilaze kwa digrii kama 45 kwenye ncha ya freti, futa kwa upole ukielekea chini usirudi juu, shingo uwe umeifunika kwa ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi wa magari. Freti 20 hivi, pande mbili, weka redio, ni kazi ya mchana mzima.

Ubao wa freti ukiwa wa rangi ya kahawia nyeusi usiopakwa vanishi unahitaji mafuta kidogo sana mara mbili kwa mwaka. Tafadhali sana usipake mafuta ya alizeti. Najua huku kati alizeti ndo nyumbani na nimeshaona mtu kafanya hivyo, mafuta ya kupikia yanaganda yanakuwa kama gundi na yananuka. Matone mawili ya mafuta ya watoto yale meupe ya chupa, kwenye kitambaa, futa, subiri dakika kumi, futa tena yaishe. Ubao mweupe uliopakwa vanishi wenyewe usipakwe kitu.

Kimo cha nyuzi juu ya freti, na daraja

Hii fanya baada ya shingo kutulia tu, ukianza nayo utaifanya mara mbili. Kwenye daraja kuna vichuma vinne, kila kimoja kinabeba uzi wake, vina skrubu ndogo mbili za kupandisha na kushusha. Weka rula juu ya freti ya 17: uzi wa E uwe kama milimita 2.5 kutoka freti, G (ule mwembamba kuliko wote) kama 2. Ukipiga kwa nguvu ongeza kidogo. Watu wengi wa makanisani wanapiga kwa nguvu kwa sababu hawajisikii jukwaani, hao wakishusha nyuzi sana besi inakuwa kelele tupu.

Afu sauti ya freti za juu. Piga harmoniki ya freti ya 12, yaani gusa uzi juu ya ile freti bila kubonyeza, uangalie kwenye tyuna. Sasa bonyeza freti hiyohiyo upige. Zikiwa sawa maliza. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kichuma nyuma kuelekea mwisho wa daraja. Ikiwa chini, kisogeze mbele kuelekea shingo. Legeza uzi kabla ya kusogeza.

Kimo cha pikapu

Dakika tano, na inabadilisha sauti kuliko watu wanavyofikiri. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, pima kutoka juu ya pikapu mpaka chini ya uzi: upande wa E kama milimita 3, upande wa G 2.5. Pikapu ikikaribia sana sumaku inauvuta uzi, sauti inayumba na harmoniki zinapotea. Ya darajani iweke juu kidogo kuliko ya shingoni kwa sababu pale uzi unacheza kidogo, ukiziacha sawa utaona ya shingoni inaimeza mwenzake.

Kelele na umeme: hapa soma taratibu

Jazz Bass inakoroma. Kila pikapu ni koili moja, koili moja inadaka mvumo wa umeme wa ukutani, wetu ni wa hezi 50. Ila waliotengeneza walifunga pikapu moja kinyume na nyingine, kwahiyo voliumu zote mbili zikiwa juu sawasawa mikoromo inafutana, ukishusha moja inarudi. Hiyo ni tabia yake siyo ubovu, na kwenye kopi nyingi iko hivyohivyo. Kama ukiweka zote juu bado inavuma, sikiliza: shika nyuzi kwa mkono. Mvumo ukipungua ukishika, waya wa ethi (unaounganisha daraja na chuma cha tundu la kuchomekea waya wa ampu) unafanya kazi ila kinga ya ndani ni hafifu. Usipobadilika kabisa, ethi ya daraja imekatika.

Yangu ilikuwa haibadiliki. Nikaipeleka kwa fundi redio mmoja mzee maeneo ya Majengo, nikamkuta anapuliza vumbi kwenye subwoofa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Lete tuone."

Hakuuliza ni ya nini wala ya nani. Akaweka ncha moja ya mita kwenye daraja, nyingine kwenye chuma cha tundu la jeki (pale unapochomeka waya wa ampu), akasikiliza. Kimya, mita hailii. Akafungua skrubu tano za daraja, akalinyanyua, akanionesha kwa kidole: waya mwembamba umetokeza kwenye tundu, ncha yake imelala juu ya rangi nzito ya kiwandani, imeota ukijani. "Rangi haipitishi umeme," akasema, akachukua wembe akakwangua rangi sehemu ya ukubwa wa ukucha mpaka mbao, akakwangua na chuma cha daraja upande wa chini, akatawanya nyuzi za waya ule kama ufagio, akarudisha daraja akalibana juu yake. Mita ikalia. Kazi yote robo saa, na mvumo ukashuka mpaka nikadhani ampu imezimika.

Kwahiyo anza na huo waya. Ukitaka kwenda mbele zaidi fungua kile kibati chenye vitufe, bandika tepu ya shaba ndani ya shimo lote na chini ya pikapu, vipande vipishane, afu lehemu waya kutoka kwenye shaba hiyo mpaka mgongoni mwa voliumu. Foili ya jikoni inakinga pia ila haishiki lehemu, inabidi uibane na skrubu. Hakikisha shaba haigusi ncha ya jeki inayobeba sauti, ikigusa besi inakuwa bubu kabisa.

Na sasa jambo la usalama ambalo linaniuma. Siku moja nilikuwa nimeshika nyuzi nikasogeza mdomo kwenye maiki niitikie, nikapigwa shoti ya mdomo mpaka machozi. Ampu yangu ilikuwa kwenye soketi moja, mixa imechomekwa sehemu nyingine kabisa, na moja kati ya hizo haikuwa na ethi. Besi yenye ethi nzuri inakuunganisha wewe na ampu, na maiki inakuunganisha na mixa, ukiwa katikati yao umeme usio sawa unapita kwako. Kwahiyo kila unapofika sehemu mpya, hasa mikutano ya nje na sherehe za jenereta, hakikisha ampu na mixa vinatoka kwenye ekstensheni moja. Gusa nyuzi na kichwa cha maiki kwa testa, kila kimoja, kabla hujasogeza mdomo. Ikiwaka waambie wazime kwanza, mchungaji au bwana harusi atasubiri. Na usikate ile pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe, watu wanafanya hivyo na ni hatari ya kifo.

Kubadilisha sauti

Anza na kapasita ya toni. Jazz Bass ya kawaida inatumia ya mikrofaradi 0.047, imeandikwa 473. Ukiweka 104, yaani 0.1, toni ukiifunga inakuwa ya chini kabisa, giza, kama besi ya kusimama. Ukiweka 223 haizami sana. Kwa fundi redio ni bei ya soda, lehemu miguu miwili umemaliza. Mi niko na 104 na siirudishi.

Voliumu zikikwaruza kila ukizungusha ni vumbi, puliza spirei ya kusafisha mawasiliano ya umeme, zungusha mara ishirini. Zisipopona weka mpya za kilo-omu 250 zenye herufi A, siyo B, ya A inapanda taratibu sikio linavyotaka. Usiache pasi ya kulehemu mgongoni mwa voliumu zaidi ya sekunde tatu nne, inaungua ndani.

Pikapu mpya nunua kama seti na upime kabla hujalipa, maana kwenye Jazz Bass ya kawaida ya darajani ni ndefu kidogo kuliko ya shingoni, na kopi nyingine zimetumia saizi moja kotekote. Ukikosea utachonga mwili bure.

Priampu ya betri ya volti 9 ni nzuri kama unapiga sehemu nyingi na fundi mitambo hakujui, unajirekebishia besi na treble mwenyewe. Ila waya wa jeki ukiachwa umechomekwa betri inaendelea kutumika usiku kucha hata kama hupigi. Chomoa. Kwa maoni yangu kama besi yako ni kopi ya kawaida na unapigia kanisa moja, kaa bila betri, pesa hiyo nunua kisanduku cha DI kizuri (kile cha kuunganisha besi moja kwa moja na mixa), mixa itakusikia vizuri zaidi.

Kuhusu besi ya nyuzi tano: uzi wake wa ziada wa B uko kwenye hezi 31, na spika nyingi tunazopigia hata E ya hezi 41 zinaipata kwa shida. Mwanzoni baki na nne.

Muonekano

Hapa ni raha yako. Plastiki ya mbele unaweza kuikata ya fomaika kwa kufuata ya zamani kama kielelezo, seremala yeyote atakukatia, kingo uzipige msasa. Mi ya kwangu ni fomaika ya rangi ya mbao. Kipumzishio cha kidole gumba nimechonga kwenye kipande cha mninga kilichobaki kwa seremala, urefu wa kidole, nimekibandika kwa gundi ya tepu ya pande mbili ili nisitoboe mwili. Ukitaka rangi mpya peleka gereji ya wapaka rangi za magari, toa kila kitu, msasa 240 afu 400, rangi nyepesi tabaka nyingi, ila lile shimo la shingo lizibe na tepu kabisa. Rangi ikiingia pale shingo haiketi tena sawasawa na ukiilazimisha mwili unapasuka.

Sasa kupiga

Mkono wa kulia ndo kitufe kikubwa kuliko vyote. Piga uzi mmoja polepole ukianzia karibu na shingo ukisogea mpaka darajani, utasikia sauti nne tano bila kugusa voliumu. Kwa nyimbo za kuabudu taratibu naweka gumba juu ya pikapu ya shingoni, vidole vinapiga juu yake, toni nusu. Kwa mapambio ya haraka na sebene narudi nyuma, gumba kwenye pikapu ya darajani, voliumu ya shingoni naipunguza kidogo, sauti inakuwa kavu na kila noti inakatika. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa zamu, usirudie kimoja hata kama ni rahisi.

Mkono wa kushoto kazi yake nyingine ni kunyamazisha. Vidole visivyobonyeza vilale juu ya nyuzi nyingine. Besi chafu jukwaani mara nyingi ni nyuzi zinazolia zenyewe bila mwenyewe kujua.

Zoezi la kuanzia, ufunguo wa C. C iko uzi wa A freti ya 3, ya tano yake G iko uzi wa D freti ya 5, C ya juu iko uzi wa G freti ya 5. Umbo hilo hilo lihamishe: F ni uzi wa E freti ya 1, G ni uzi wa E freti ya 3. Kwa C, F na G utasindikiza nyimbo nyingi sana za ibada. Weka metronomu (programu ya kuhesabu mdundo) kwenye 70 kwa dakika, hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Piga C kwenye moja, acha mbili kimya, piga G kwenye "na" ya mbili, C ya juu kwenye tatu, acha nne kimya, G tena kwenye "na" ya mwisho inayokupeleka kwenye moja mpya. Zile kimya zipige kwa mkono wa kushoto, yaani nyanyua kidole uzi unyamaze kweli, usiuache uburute. Dakika kumi kila siku kwa wiki mbili kabla ya kuongeza spidi.

Hapo ndo utaanza kusikia kile ambacho bendi zetu za dansi wanakifanya. Kaa usikilize Msondo Ngoma, waliotokana na NUTA Jazz ya 1964, na Mlimani Park ya 1978, sikiliza besi peke yake wimbo mzima uziache gitaa zote. Sehemu ya kuimba besi inatembea na kuacha nafasi, na ikifika kuchemka inashika kifungu kimoja kifupi inakirudia bila kuchoka mpaka watu wanyanyuke. Kijana wa siku hizi anajaza noti pale pote, nami nilikuwa hivyohivyo mpaka mpiga tumba mmoja mtu mzima akaniambia, "Mdogo wangu, niachie na mimi nafasi."

Kwa ile sauti ya kizamani kata kipande cha sponji ya godoro, upana kama vidole viwili, ukiingize chini ya nyuzi mbele ya daraja, kiguse nyuzi kidogo. Kampuni yenyewe miaka ya 60 ilikuwa inafunga sponji chini ya kifuniko cha daraja. Noti inakuwa fupi, nene, inadunda na kufa. Kwa rumba hakuna pedali ya kununua inayoshinda hicho kipande cha godoro.

Jambo la mwisho nalipenda sana na ni la huku kwetu. Gusa uzi wa A kwenye freti ya 12, 7, 5, afu kidogo tu kabla ya freti ya 4, afu zaidi ya 3 kidogo, piga kila moja. Hizo ni sauti za asili zilizomo ndani ya uzi wenyewe, na ngazi ya nyimbo nyingi za Kigogo inatembea juu ya sauti hizohizo, zile unazozisikia kwenye zeze na kwenye waimbaji wakipokezana. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose alizunguka nazo dunia akitokea kijiji cha Doduma hapahapa. Mi nimechukua vipande vya marimba na zeze nilivyokua navisikia, navipiga kwa harmoniki pikapu ya darajani ikiwa juu yote na toni wazi yote, kama utangulizi kabla ngoma hazijaingia. Freti hazitakupa ile sauti ya asili ya saba sawasawa, harmoniki yake iko kati ya freti ya 2 na ya 3, itafute kwa sikio ukisogeza kidole milimita moja moja mpaka ilie.

Kupiga nje juani: toa besi kwenye begi dakika kumi kabla, iache kivulini jukwaani, ndo utyuni. Ukityuni kwenye gari ukapanda nayo juani nyuzi zitashuka kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Mi huwa natyuni mara ya pili wakati wanatangaza wageni.